Amri Isiyoandikwa

Anayesoma hukumu kubwa za Mahakama Kuu ya Kenya kuhusu wakimbizi, kuanzia mwaka 2013, anaweza kuamini kwamba hapa ni pahali salama kwa mtu aliyekimbia kwao. Serikali ilishindwa mara tatu, tena katika mambo iliyoyataka sana. Lakini anayefuatilia yaliyowapata watu wenyewe katika kipindi hicho hicho anakuta wakimbizi waliosajiliwa wakichukuliwa Nairobi na kuonekana tena wakiwa chini ya ulinzi wa serikali walizozikimbia. Wengine hawakuonekana tena.

Pengo hilo linahitaji maelezo. Jibu la haraka ni kwamba serikali haitii mahakama. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Ukipanga matukio kwa tarehe, unaona kwamba mara nyingi serikali haikuwa na haja ya kukaidi amri yoyote, kwa kuwa suala halikumfikia jaji wakati bado palikuwa na kitu cha kuokoa.

Kwanza, sheria yenyewe. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Mei 1966, ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 mwaka 1992, na ikajiunga na Mkataba dhidi ya Mateso mwaka 1997. Ibara ya 2 ya Katiba ya 2010 inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kifungu cha 18, ilikataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Sheria ya 2021 iliyochukua nafasi yake, na kuanza kutumika Februari 2022, inarudia katazo hilo katika kifungu cha 29. Kwa maandishi, ulinzi haujapungua hata kidogo. Uchunguzi unapaswa kuelekezwa kwenye njia inayoutoa ulinzi huo kwenye karatasi na kumfikishia mtu.

Njia hiyo ni mapitio ya mahakama: uwezo wa jaji kuuchunguza uamuzi wa ofisa wa serikali na kuubatilisha. Ili yafanye kazi, yanahitaji vitu vitatu kwa pamoja. Lazima kuwe na uamuzi unaoonekana, kuwe na mtu anayeweza kuufikisha mahakamani, na kuwe na muda kabla ya uamuzi kutekelezwa. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havina kazi.

Katika kesi tatu za ushindi, vyote vitatu vilikuwepo. Desemba 2012, Idara ya Masuala ya Wakimbizi ilitangaza kwamba wakimbizi wote waishio mijini wahamie kambini, Wasomali waende Dadaab na wengine Kakuma. Tangazo lilikuwa la maandishi, likachapishwa, na likawapa mawakili muda. Shirika la Kituo Cha Sheria na wenzake walikwenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja akalibatilisha. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye mwaka 2017. Desemba 2014, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama yaliyoweka kikomo cha wakimbizi na waomba hifadhi 150,000 nchini kote, ilhali waliokuwepo tayari walikuwa maradufu na zaidi. Majaji watano walikifuta kifungu hicho Februari 2015, wakieleza kwamba hakitekelezeki bila kuwafukuza watu ambao sheria inakataza wafukuzwe. Mwaka 2016 serikali ilivunja idara ya wakimbizi na kutangaza kufunga Dadaab. Februari 2017 Jaji John Mativo aliyatamka yote mawili kuwa kinyume cha Katiba.

Kesi hizi zinafanana katika jambo moja: zote zilipinga agizo la jumla. Maelfu ya watu waliguswa kwa mpigo, mashirika yenye mawakili yalisimama kwa niaba yao, na waraka wenyewe ulikuwa mezani. Hata hivyo, hata maagizo ya jumla hayakuanguka yote. Machi 2014 waziri wa usalama, Joseph ole Lenku, alitoa agizo jingine linalofanana sana na lile la kwanza, na msako wa Usalama Watch ukafuata. Takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na baadhi wakapakiwa ndegeni kwenda Mogadishu. Safari hii, ombi lililopelekwa mbele ya Jaji Majanja huyo huyo lilikataliwa mwezi Juni. Katikati ya hukumu hizo mbili lilikuwa limetokea shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, Septemba 2013.

Hali ni tofauti kabisa kwa mtu mmoja aliyenyimwa hifadhi. Huyo ndiye hasa aliyekusudiwa na utaratibu wa mapitio, na ndiye anayeonekana kwa nadra katika ripoti za kesi. Kuna sababu nne za kiutaratibu.

Ya kwanza ni muda. Sheria ya 2006 ilimpa Kamishna wa Wakimbizi siku 90 kuamua ombi. Kwa kawaida majibu huchukua miaka. Mwombaji akishajibiwa, saa yake inaenda mbio: chini ya sheria hiyo alikuwa na siku 30 kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za wakimbizi, na baada ya bodi siku 21 kwenda Mahakama Kuu. Ofisi inayochelewa miaka haipotezi haki yoyote. Mwombaji anayechelewa wiki moja anaweza kupoteza zote.

Ya pili ni sababu za uamuzi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, iliyotungwa kutekeleza Ibara ya 47 ya Katiba, inampa mtu haki ya kudai sababu kwa maandishi. Ofisa asipozitoa, mahakama inaweza kuchukulia kwamba hakuwa na sababu nzuri. Ni silaha kali, lakini humsaidia tu aliyekwisha fika mahakamani. Barua inayosema kwamba maelezo ya mwombaji hayaaminiki, bila kuonyesha ni maelezo yapi na kwa nini, haimpi mahali pa kushika anapotaka kukata rufaa.

Ya tatu ni mlolongo. Sheria hiyo hiyo ya 2015 inamzuia jaji kusikiza ombi kabla ya njia za ndani kumalizika, ila kwa hali za kipekee. Kwa mwombaji hifadhi, njia ya ndani ni Kamati ya Rufaa iliyoundwa na sheria ya 2021. Kamati ikikosa wanachama, bajeti au kikao, mwombaji anajikuta nje ya mahakama kwa kuwa hajamalizana na kamati, na nje ya kamati kwa kuwa haiketi. Anaweza kuomba kuhesabiwa kuwa katika hali ya kipekee, lakini ombi hilo nalo linahitaji wakili.

Ya nne, iliyo kubwa zaidi, ni kile jaji anachokiangalia. Mapitio yalirithiwa kutoka sheria ya Uingereza kama ukaguzi wa utaratibu: ofisa alikuwa na mamlaka? Alimsikiliza mhusika? Alizingatia yaliyostahili? Katiba ya 2010 ilipanua mlango huo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dande dhidi ya Inspekta Jenerali wa Polisi, ilieleza kwamba haki za kikatiba zinapodaiwa kukiukwa, jaji anaweza kuingia kwa kiasi katika kiini cha jambo. Hata hivyo, ushahidi unabaki kuwa hati za kiapo. Dai la hifadhi husimama au huanguka kwa kuaminika kwa msemaji: alichokisema, kilivyotafsiriwa na mkalimani, na kilivyoandikwa na ofisa siku ya mahojiano. Jaji anasoma muhtasari wa ofisa, na mwenye hofu hamwoni wala kumsikia. Akiubatilisha uamuzi, kwa kawaida faili linarudi katika ofisi ile ile iliyokataa mwanzo.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwahi kuionyesha hatari hii waziwazi. Katika kesi ya Jabari dhidi ya Uturuki, mwaka 2000, mwanamke wa Iran alinyimwa hifadhi kwa kuwa hakujiandikisha katika siku tano alizopewa na kanuni. Mahakama ya Ankara ilipitia uamuzi huo ikaridhika kwamba kanuni ilifuatwa. Hakuna aliyepima kama angepigwa mawe akirudishwa. Majaji wa mahakama hiyo ya Ulaya walisema kwamba mapitio yasiyogusa hatari yenyewe, na yasiyoweza kusimamisha safari, hayawezi kuitwa nafuu.

Sasa turudi kwa mtu anayepaswa kufika mahakamani, na tumtazame akiwa katika bonde la Subukia. Barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu inapita bondeni humo, kwenye mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na mahujaji wanaoelekea Kijiji cha Maria. Nakuru mjini, kama kilomita 40 kutoka hapo, kuna familia za wakimbizi, wakiwemo wa Sudan Kusini, zilizoishi humo kwa miaka. Kisheria, mkimbizi anatakiwa awe katika eneo lililotengwa, na akitoka awe na kibali cha kusafiri. Mtu aliyekataliwa, au aliyesubiri jibu mpaka karatasi yake ikaisha muda, akisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi katika barabara hiyo, hapelekwi kwa Kamishna wa Wakimbizi. Anapelekwa kwa hakimu.

Shtaka ni kuwepo nchini kinyume cha sheria, chini ya kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Karani anasoma shtaka na mkalimani, akipatikana, analitafsiri. Swali ni moja: ni kweli au si kweli? Mtu hana viza na anajua hana. Anajibu kwamba ni kweli. Hukumu inatolewa, na pamoja nayo amri kwamba akimaliza kifungo arudishwe kwao. Shughuli yote inaweza kuisha kabla ya chai ya saa nne.

Hicho ni kitendo cha kumrudisha mtu, kimeamriwa na mahakama, na katika mfuatano wote huo hakuna hatua inayomlazimu mtu yeyote kuuliza: ukirudi, utafanywa nini? Sheria ya Wakimbizi inamkinga na mashtaka ya aina hii mtu aliyeomba hifadhi kwa nia njema, lakini kinga hiyo lazima idaiwe. Mahakama Kuu, iliyo na vituo Nakuru na Nyahururu, ina uwezo wa kulirekebisha kosa la hakimu kwa vifungu vya 362 na 364 vya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, hata kwa barua tu. Barua hiyo lazima iandikwe na mtu anayejua kwamba mfungwa yupo, na kwamba ana hofu.

Msaada wa kisheria ungeweza kuziba pengo hili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaostahili, lakini kwa maneno haya: mkimbizi kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi. Aliyekataliwa ndiye hasa serikali imesema si mkimbizi. Ukiifuata sheria neno kwa neno, anayehitaji wakili ili athibitishe kuwa ni mkimbizi anatakiwa kwanza awe amethibitishwa. Kazi imebaki mikononi mwa mashirika yanayotegemea wafadhili wa nje, na tangu Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, fedha hizo zimepungua katika sekta nzima ya wakimbizi, katika nchi yenye wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000.

Hadi hapa tumeona uamuzi unaocheleweshwa, usioelezwa, au unaotolewa na mahakama isiyouliza. Kuna aina nyingine, ambapo uamuzi haupo kabisa.

Novemba 2016, James Gatdet Dak, msemaji wa upinzani wa Sudan Kusini aliyekuwa na hadhi ya ukimbizi Kenya, alichukuliwa Nairobi na kesho yake akasafirishwa hadi Juba. Alikuwa ameandika mtandaoni akipongeza kufutwa kazi kwa jenerali Mkenya aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa huko. Februari 2018 alihukumiwa kifo Juba, kisha akaachiliwa mwishoni mwa mwaka huo baada ya mkataba wa amani.

Januari 2017 walitoweka Wasudani Kusini wengine wawili Nairobi, wakili Dong Samuel Luak tarehe 23 na mwanasiasa Aggrey Idri tarehe 24. Dong alikuwa mkimbizi aliyesajiliwa. Mawakili walifanya kila kitu kama kinavyotakiwa, na tarehe 27 Januari Mahakama Kuu ikaamuru wasiondolewe nchini. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilihitimisha, katika ripoti ya 2019, kwamba siku hiyo hiyo ya tarehe 27 walipelekwa Juba kwa ndege ya kukodi, na kwamba kuna uwezekano mkubwa waliuawa tarehe 30. Ombi la kuitaka serikali iwafikishe mahakamani lilikataliwa baadaye. Jaji alikubali kwamba walitekwa, lakini hakuona ushahidi kwamba walikuwa mikononi mwa vyombo vya Kenya.

Utaratibu wa kesi hiyo unastahili kuangaliwa kwa makini. Amri ya kumfikisha mtu mahakamani imelindwa na Ibara ya 25 ya Katiba kama haki isiyoweza kuwekewa mipaka, hata wakati wa hali ya hatari. Lakini inafanya kazi pale tu anayeulizwa anapokubali kwamba anaye mtu huyo, au mlalamishi anapothibitisha hivyo. Serikali ikijibu kwamba haina habari, mzigo wa ushahidi unamwangukia mke wa aliyetoweka. Haki isiyoweza kupunguzwa na Bunge inazimwa na sentensi moja ndani ya hati ya kiapo.

Oktoba 2024 raia saba wa Uturuki walitekwa Nairobi kwa siku moja. Watatu waliachiliwa. Wanne, waliokuwa wamesajiliwa kama wakimbizi, walipelekwa Uturuki. Siku chache baadaye Korir Sing'oei, Katibu katika Wizara ya Mambo ya Nje, alithibitisha kwamba Uturuki iliwaomba na Kenya ikawatoa, na kwamba Uturuki iliahidi kuwatendea kwa heshima. Ahadi ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa na jaji: imetolewa na nani, na nani atakagua utekelezaji wake? Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilizipima kwa njia hiyo ahadi za Rwanda kuhusu waomba hifadhi ambao Uingereza ilitaka kuwapeleka huko, ikaziona hazitoshi. Serikali ya London ilijibu kwa kupitisha sheria, Aprili 2024, iliyotamka kwamba Rwanda ni nchi salama. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kumkwepa jaji, lakini ilijadiliwa bungeni na ilikuwa na sahihi. Nairobi ilitoa taarifa watu wakiwa wamekwisha kuondoka.

Nafuu inayokuja baadaye inaweza kupimwa kwa kesi ya Nnamdi Kanu, kiongozi wa vuguvugu la Biafra. Hakuwa mwomba hifadhi, ila aliondolewa kwa njia iyo hiyo: alikamatwa Nairobi Juni 2021 na kufikishwa Nigeria bila kesi yoyote ya kumrejesha. Juni 2025 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba kitendo hicho kilivunja Katiba, akaamuru alipwe shilingi milioni 10. Hukumu ni sahihi kabisa. Ilikuja miaka minne baada ya ndege kuruka, na haikuweza kumrudisha.

Zipo hoja za upande wa pili, na ni nzito. Mashambulio ya kigaidi ya Westgate na Chuo Kikuu cha Garissa si visingizio vya kubuni. Watu 67 na 148 waliuawa. Mkataba wa 1951 wenyewe, katika Ibara ya 33(2), unaruhusu kumwondoa mkimbizi aliye hatari kwa usalama wa nchi. Lakini ruhusa hiyo inataka sababu za msingi kuhusu mtu huyo mmoja, na sababu haziwezi kupimwa pasipo uamuzi. Mkataba dhidi ya Mateso hautoi ruhusa hata hiyo. Zaidi ya hayo, wakili na msemaji wa chama hawakulingana na washambuliaji kwa lolote. Waliotaka waondolewe walikuwa watawala wa Juba.

Kanda hii imeshaona mambo yanapofika mwisho wa njia hii. Julai 2010, katika makazi ya Nakivale na Kyaka II nchini Uganda, Wanyarwanda waliambiwa wakusanyike, wakazingirwa na wenye silaha, na zaidi ya 1,700 wakapakiwa malorini kurudishwa Rwanda. Wengi walikuwa wamekataliwa hifadhi. Hivyo, kwa maelezo ya serikali, hapakuwa na wakimbizi wa kuwalinda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lililalamika kwamba miongoni mwao walikuwemo pia waliokwisha tambuliwa. Watu wawili walikufa kwa kuruka kutoka kwenye malori yakiwa yanakwenda. Uamuzi wa kukataa usiopitiwa ipasavyo hugeuka kuwa orodha ya abiria.

Na hakuna anayejua atakuwa upande upi wa mpaka. Mapema mwaka 2008, Wakenya wapatao 12,000 walivuka kuingia Uganda wakikimbia ghasia zilizofuata uchaguzi, zile zile zilizoujaza uwanja wa maonyesho wa Nakuru kwa waliopoteza makazi. Usalama wao ulitegemea kitu kimoja: serikali ya nchi nyingine kukubali kutowarudisha.

Muundo unaojitokeza ni huu. Kati ya 2012 na 2016 serikali iliandika maagizo, na mengi yakaanguka mahakamani. Kuanzia mwishoni mwa 2016, matukio mazito zaidi hayana agizo, hayana sahihi, hayana nambari ya faili. Haiwezekani kuthibitisha kwamba mtu fulani aliketi akaamua iwe hivyo. Kinachoweza kuthibitishwa ni kwamba anayeandika hushtakiwa na asiyeandika hashtakiwi, na taasisi yoyote hujifunza kutokana na malipo ya aina hiyo bila kufundishwa.

Yaliyofuata maandamano ya Juni 2024 dhidi ya serikali ya Kenya yanaonyesha kwamba somo halikuishia kwa wageni. Kufikia Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imeorodhesha Wakenya 82 waliotekwa, 29 wakiwa bado hawajulikani walipo. Magari hayakuwa na alama, na wenye bunduki hawakujitambulisha. Januari 2025 Jaji Bahati Mwamuye alimtaka Inspekta Jenerali Douglas Kanja afike mahakamani kueleza, na jibu la polisi lilikuwa lile lile walilopewa jamaa wa Dong na Aggrey miaka minane kabla: hatunao.

Sheria mpya inayorudia katazo lililokwisha andikwa mara kadhaa haitabadilisha kitu. Yatakayobadilisha yanajulikana na si ghali: hakimu alazimike kumuuliza mgeni kama anaogopa kurudi kabla hajaamuru arudishwe, rufaa isimamishe safari papo hapo, anayepinga kukataliwa apewe wakili, na mtu akitoweka baada ya kuchukuliwa mbele ya mashahidi, polisi ndio wabebe mzigo wa kuthibitisha kwamba hawakumchukua. Mpaka hayo yafanyike, kila hukumu nzuri itaendelea kusomeka vizuri, na kila ofisa atakayeisoma atapata humo sababu nyingine ya kutoweka kalamu kwenye karatasi.